Bi Kisigino na Miguu Iliyotiwa Sahihi

Mtu akimwagiza viatu Bi Kisigino, hakai kwenye kiti akanyoosha mguu kama bwana mkubwa. Anavua soksi, anasimama wima juu ya karatasi ya kaki, uzito wote chini, na fundi anapiga magoti kumzungushia penseli. Kisha anatia tarehe. Kisha anampa mteja penseli ileile na kumwambia, "Saini hapo, ndani ya mguu wako."

Wapo waliocheka, wapo waliomwita mshamba. Lakini hakuna aliyetoka pale na kiatu bila kusaini, awe mwalimu mkuu au mke wa diwani. Nimekuwa jirani yake miaka kumi na tisa, mimi nauza ngozi na soli, yeye anazishona, na katika mbinu zote za biashara nilizoziona mtaani petu, hiyo ndiyo niliyomwonea wivu.

Aliipata kwa kula hasara. Ufundi alirithi kwa baba yake, na benchi pia, akaliketia mume alipoondoka kwenda kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Kazi yake ya kwanza peke yake ilikuwa viatu vya bibi harusi. Bibi harusi aliingia ukumbini, akapiga hatua nne, kisigino cha kushoto kikabaki nyuma yake katikati ya zulia. Jina ndilo hilo analo mpaka leo, na halikasirikii, kwa sababu yeye mwenyewe ameliandika kwenye kibao cha duka.

Mteja wa pili alikuwa mbaya zaidi. Alivaa viatu mwezi mzima, akavirudisha, akasema, "Umenishonea vidogo." Wakabishana mpaka watu wakajaa. Bi Kisigino hakuwa na la kuonyesha. Alimrudishia alichotoa, akafunga duka mapema, na kesho yake akanunua bunda la karatasi za kaki.

"Kuanzia leo mteja hatabishana na mimi," aliniambia. "Atabishana na mguu wake mwenyewe."

Kibanda chake kipo pale barabara ya mahakama inapokutana na ile ya kituo cha polisi. Kwa hiyo wateja wake ni makarani, mawakili, askari, na wale waliotoka mahabusu. Hawa wa mwisho mara nyingi huanzia kwake kabla hawajafika nyumbani. Wanakuja viatu vimebanwa kwapani. Wanataka ndala, pana kuliko zote alizonazo. Akiona nyayo zilizovimba kama mikate, haulizi imeokwa wapi. Anachora, anatia tarehe, anampa mtu penseli, na karatasi inaingia kwenye sanduku la bati chini ya benchi.

Sitamfanya malaika. Miaka yote hiyo alijua, akanyamaza, na mimi nikanyamaza vilevile. Askari ni wateja wazuri wa buti, na buti inakula ngozi nyingi.

Kilichombadilisha ni mdogo wake, tumbo moja, dereva wa lori. Tarehe tano ya mwezi ule alikuja kuagiza buti za safari. Nilikuwepo. Alisimama juu ya karatasi anakula karanga.

"Dada, nami nisaini? Si unanijua tangu nimezaliwa?"

"Ndiyo maana usaini. Wewe ndiye mbishi kuliko wote."

Akasaini kwa mbwembwe, herufi zimejikunja kama mkia wa nguruwe. Tarehe kumi na nne akakamatwa. Kwenye lori lake, chini ya mifuko ya saruji, walikuta mabunda ya nyaya za umeme zilizoibwa. Yeye alisema alipakiwa mzigo na mtu mwingine, akapewa hati ya saruji tu. Siku tisa hakuonekana. Bi Kisigino alipeleka chakula, kikapokelewa dirishani, na vyombo vikarudi bila neno. Tarehe ishirini na tatu akaletwa mahakamani akiwa tayari ameungama kila kitu, na viatu vyake vimening'inizwa shingoni kwa kamba.

Hapo kwenye korido ndipo mambo yalipotokea. Aliyemlinda alikuwa Koplo mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, mtu wa miguu mipana na maneno machache. Bi Kisigino alimfuata na karatasi yake, hana machozi wala kelele.

"Afande, huyu hawezi kutembea peku kwenye sakafu hii. Nipe dakika mbili nimpime ndala."

Koplo akatazama kushoto, akatazama kulia. "Dakika mbili. Na usizungumze naye."

Hakuzungumza naye. Alipiga magoti, akachora mguu wa kulia, akachora wa kushoto, akatia tarehe, akamnyooshea mdogo wake penseli. Vidole vya Dereva havikukunjika. Penseli ikaanguka. Bi Kisigino akaiokota, na kwa mazoea tu akamgeuzia Koplo.

"Basi wewe shuhudia, afande."

Sasa fikiria mtu ambaye kutwa nzima kazi yake ni kusaini. Anasaini kitabu cha kuingiza mahabusu, kitabu cha kutoa mahabusu, kitabu cha pingu. Na kwa fundi huyuhuyu alikwisha kusaini miguu yake mwenyewe mara nne. Mkono ulitangulia, kichwa kikafuata nyuma. Koplo aliandika jina lake, akaweka sahihi, akaweka na namba yake ya kazi chini, safi kabisa, kisha akarudisha penseli na kubaki ameitazama ile karatasi kama mtu aliyemeza inzi.

Wakili wa Dereva alikuwa binti mfupi anayetembea kama anafukuzwa. Soli zake zinaisha upande wa nje, ndiyo sababu tunamjua. Alikuja kibandani jioni ileile akatueleza.

"Kwa sheria ya sasa, maungamo ya mtu aliyepigwa hakimu hayapokei. Na bila maungamo hawana kitu, hati ya mzigo inamtetea. Tatizo ni muswada."

"Muswada gani tena?" akauliza Bi Kisigino.

"Uko bungeni. Polisi waweze kumshika mtu siku kumi na nne bila wakili na bila daktari. Wanaohoji waruhusiwe kutumia wanachokiita mkazo wa mwili. Na mtu akisema chochote chini ya mkazo huo, mahakama ipokee. Hata kwa kesi zilizokwisha kuanza."

"Hata ya huyu wangu?"

"Hata yake. Kesi imeahirishwa wiki sita. Bunge linapiga kura baada ya tano."

"Ukipita anakula miaka mingapi?"

"Kumi na tano."

Bi Kisigino aliendelea kupaka gundi soli aliyoshika. Akaibana. Akauliza, "Nani anaupinga?"

"Sisi mawakili."

"Ninyi mawakili mnapinga hata mvua. Nani mwingine?"

Wakili akacheka bila kupenda. "Kamati ya bunge inapokea maoni ya wananchi. Mtu yeyote. Dakika tatu."

Alipoondoka, mimi nilisema nilichoona ni cha busara. Nilimwambia, "Jirani, tafuta wakili mkubwa zaidi, tafuta dhamana, lakini bungeni usiende. Nusu ya buti zako zinavaliwa pale ng'ambo ya barabara."

"Na ngozi ya buti hizo ni yako."

"Sikatai."

"Basi sema unaogopea ngozi yako, usijifanye unaogopea yangu."

Akanikata kilimi. Nikarudi dukani kwangu.

Kesho yake alilivuta sanduku la bati akatoa miguu yote iliyovimba. Ilikuwa ya watu ishirini na watatu. Wengi wao walikuwa wateja wake hata kabla ya kukamatwa, kwa hiyo alikuwa na mguu wa kabla na mguu wa baada, kila mmoja na tarehe yake na sahihi ya mwenyewe. Mtu mwingine angekimbilia kwa waandishi wa habari. Yeye alifunga duka siku tatu akawazungukia wenye miguu, mmoja mmoja, akiomba ruhusa.

Nilimsindikiza siku ya mwisho, na niliona jinsi anavyouza kitu kigumu. Mpaka rangi mmoja, jamaa wa maneno mengi, alimuuliza kutoka juu ya ngazi, "Nitapata nini?"

"Hutapata kitu."

"Sasa unanishawishi au unanifukuza?"

"Nakwambia bei ya kweli. Ukikubali hupati kitu. Ukikataa na sheria ikapita, wakikushika tena hutakuwa na pa kulalamika. Chagua hasara yako."

Mpaka rangi akachovya brashi, akapaka kipande kizima cha ukuta kabla ya kujibu. "Tumia wa kulia. Wa kushoto uliharibika zaidi, mama yangu akiuona atazimia." Baadaye, tukiwa tumeshafika barabarani, akatukimbilia na ndoo mkononi. "Tumia yote!"

Kumi na mmoja walikubali. Waliokataa hakuwabembeleza. Mwalimu mmoja alisema ana watoto wanaosoma na hataki jina lake litajwe popote. Bi Kisigino alitoa karatasi yake kwenye mfuko akamkabidhi. "Mguu ni wako," alisema, tukaenda zetu.

Wa mwisho alikuwa Koplo. Ilikuwa Jumapili mchana, mkewe anaanika nguo. Koplo alipomwona fundi mlangoni alitoka nje mwenyewe akafunga mlango nyuma yake.

"Unataka kunimaliza, Bi Kisigino?"

"Ningetaka kukumaliza nisingekuja kukuuliza."

"Ile sahihi ikionekana, kazi imekwenda. Nina watoto wanne."

"Basi isionekane. Nitabandika kipande cha ngozi juu yake, kwa gundi ya soli. Sitabandua mpaka wewe uniambie kwa mdomo wako."

"Na nitajuaje hutanigeuka ukishafika mbele ya wakubwa?"

"Njoo ukae ukumbini unitazame. Vua sare, vaa za nyumbani. Nikibandua, simama useme huyu mwanamke ni mwongo, anaghushi. Nitastahili."

Wakapeana mikono. Wakili alipoiona ile ngozi alishika kichwa. "Hiyo ndiyo kesi yote! Hao wengine ni mashahidi wa miguu yao wenyewe. Hii peke yake ina sahihi ya askari. Umeifunika?"

"Tumekubaliana."

"Bandua!"

"Wakili, mimi nikivunja makubaliano, kesho nani atasaini mguu wake kwangu?"

Siku ya kamati nililifunga duka. Nilijiambia naenda kuona tu.

Ukumbi ulikuwa na dari ya juu na viti vinavyolia. Wabunge tisa walikaa mbele. Katikati Mwenyekiti, mzee mnene mwenye miwani kwenye paji. Pembeni alikaa Afisa wa wizara, suti imemkaa vizuri, mtu wa kuzungumza kwa upole. Mawakili walisema kuanzia asubuhi, kifungu kwa kifungu, na wabunge wawili walikwisha kusinzia. Kila wakili akimaliza, Afisa aliinuka na jibu lilelile: "Waheshimiwa, hakuna mahabusu aliyedhurika. Mkazo tunaouzungumzia ni kumsimamisha mtu muda mrefu kidogo. Haumwachi na alama yoyote."

Kisha likaitwa jina la Bi Kisigino, akaenda mbele na sanduku la bati.

"Unawakilisha chama gani, mama?" akauliza Mwenyekiti.

"Sina chama, Mheshimiwa. Nawakilisha miguu."

Kicheko. Waliosinzia wakaamka. Akatoa karatasi mbili, akaziweka moja juu ya nyingine, akaenda mpaka dirishani na kuziinua kwenye mwanga. Mistari miwili ikaonekana wazi, mguu mmoja ndani ya mwingine, wa nje umeuzidi wa ndani kila upande.

"Huyu ni mpaka rangi. Mstari wa ndani ni kabla hajaingia kituoni. Wa nje ni siku aliyotoka. Sahihi yake hii, na hii. Anayefuata."

Alipofika wa tano, Afisa akainuka akitabasamu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hii ni michoro. Hata mtoto wa chekechea anachora mguu. Mtu anaweza kuinamisha penseli akaupanua atakavyo."

Bi Kisigino akamgeukia Mwenyekiti. "Nina dakika moja na nusu. Naomba Mheshimiwa avue viatu."

Ukumbi ukapiga kelele. Mwenyekiti alishusha miwani, na, sijui ni uchovu wa asubuhi nzima au ni udadisi, akazunguka meza akavua viatu. Fundi akapiga magoti, penseli ikapita huku na huku, haraka kuliko ninavyoeleza.

"Mguu wako wa kulia umeupita wa kushoto kwa upana wa kidole. Wewe unanunua viatu kwa kufuata wa kushoto. Tangu asubuhi umeuchomoa wa kulia mara tatu chini ya meza."

"Mara nne," akasema Mwenyekiti.

Wabunge wakagonga meza kwa vicheko. "Saini hapo, Mheshimiwa, ndani ya mguu wako." Akasaini, kweli tena, mbele ya kamati yake.

"Mkono ni huuhuu uliowachora wote," akasema Bi Kisigino. Akainua karatasi mbili za mwisho. "Huyu ni dereva. Tarehe tano. Tarehe ishirini na tatu."

Hapo hakuna aliyecheka. Mstari wa nje haukuwa na umbo la mguu tena. Vidole havikutengana.

Lakini Afisa alikuwa mwerevu. Alikwisha kuiona ile ngozi. "Utaratibu wako, mama, ni kwamba kila mguu una sahihi. Huu wa pili hauna sahihi ya mteja. Tutajuaje ni wa nani? Na hapo pana kipande cha ngozi. Chini yake kuna nini?"

"Sahihi ya shahidi."

"Bandua."

"Siwezi. Nimempa neno langu."

"Basi haipo." Akakaa.

Mwenyekiti akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, "Mama, bila sahihi hiyo, hii karatasi naiweka kando. Na ndiyo nzito kuliko zote. Umebakiza nusu dakika."

Nilimwona Wakili akimpa ishara za mkono, bandua, bandua. Mimi mwenyewe, nakiri, ningekwisha kubandua zamani. Miaka kumi na tano ya mdogo wake ilikuwa chini ya kipande cha ngozi kisichozidi kidole gumba, na ngozi yenyewe nilimuuzia mimi.

"Basi hiyo nusu dakika nitaimaliza nimesimama hapa, Mheshimiwa," akasema, akaweka mikono juu ya sanduku.

 Saa ya ukutani ikasikika. Halafu ikasikika na sauti nyingine, kiatu kikilia kwenye sakafu ya mbao. Buti mpya za Bi Kisigino hulia hivyo miezi miwili ya kwanza. Nimemwambia mara nyingi apake nta. Kutoka safu ya nyuma, Koplo alikuwa anakuja mbele na shati lake la nyumbani.

"Bandua, Bi Kisigino."

"Unasema mbele za watu?"

"Nasema mbele za watu."

Akachomoa kisu cha kazi, akaingiza ncha, ngozi ikatoka yote kwa mkupuo mmoja. Koplo hakusoma karatasi. Alisimama mguu sawa akaitaja namba yake, cheo chake, na tarehe. "Mtuhumiwa nilimshika kwapa mimi mwenyewe, kwa sababu hakuweza kusimama. Mguu ni wake. Sahihi ni yangu."

Afisa akafungua faili lake, akalifunga. Kule nyuma Mpaka rangi alikwisha kusimama, kiatu mkononi. "Na mimi nimo kwenye hilo sanduku!" Akasimama na muuza magazeti, na fundi bomba, na yule dada wa duka la dawa, mpaka wote kumi na mmoja wamesimama, na Mwenyekiti yuko katikati yao na soksi.

"Muda umekwisha," akasema, lakini hakumwambia mtu akae.

Kamati ilivifuta vifungu vyote vitatu, saba kwa wawili. Wizara ilijaribu kuvirudisha bungeni. Tulisikiliza redio dukani kwangu, watu wamejaa mpaka juu ya marobota ya ngozi. Vilianguka kwa kura sitini na moja, na kilichobaki cha muswada kikaondolewa na wenyewe kabla ya wiki kuisha. Soko zima lilipiga makofi. Bi Kisigino alikuwa anashona; alipandisha kichwa, akasema, "Sasa mniachie mwanga," akaendelea. Lakini nilimwona amepitisha uzi mahali pasipo na tundu.

Wiki iliyofuata hakimu alikataa maungamo, hati ya saruji ikasimama, na Dereva akatoka kwa ndala zake pana. Koplo walimhamishia ghala la vifaa vya ofisi. Kumfukuza hawakuthubutu, magazeti yote yalikuwa na picha yake. Alikuja kuagiza viatu vyepesi vya kushinda ndani, akalipa bei kamili bila kupunguziwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwenyekiti naye alituma dereva wake. Bi Kisigino alimrudisha: aje mwenyewe, miguu haitumwi. Akaja.

Miezi mitatu baadaye Dereva alikuja kuchukua buti alizoagiza tarehe tano. Zilikuwa rafuni muda wote huo, zimepigwa rangi kila Jumamosi. Alikaa, akaingiza wa kushoto, akaingiza wa kulia, akakunja uso.

"Dada, huu wa kulia umenishonea mdogo."

Bi Kisigino aliinama chini ya benchi. Alivuta sanduku la bati, akatoa ile karatasi ya kwanza, akaiweka mapajani mwake, na kuonyesha kwa kidole ile sahihi iliyojikunja kama mkia wa nguruwe. Dereva akaitazama. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Haya," akasema dada yake, akitandika karatasi mpya sakafuni. "Kidole kimoja hakijarudi mahali pake, nitaitanua. Simama wima. Uzito wote chini."

Akasimama wima. Uzito wote chini.